Dastan Kalinga na Maua ya Riboni

Nyumba ya Dastan Kalinga iko juu kilimani, upande ule wa mji wa Iringa ambako majabali ni makubwa kuliko nyumba zenyewe. Kuifikia unapita kijia cha mawe katikati ya majabali mawili, mahali ambapo mtu mnene hugeuka ubavu. Alipokuwa anaijenga hilo halikumsumbua. Alikuwa dereva wa lori, mzima wa miguu, na huko juu upepo ni mzuri.

Kisha lori lake likapinduka kwenye kona za mlima Kitonga. Alitoka hai, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na nguvu tena. Hospitali walimpa kiti cha magurudumu. Siku ya kurudishwa nyumbani, vijana walimpandisha kwa machela, ila kiti kiligoma kupita kwenye majabali. Kikarudishwa chini barabarani, kwenye duka la Yotamu, ambaye zamani alikuwa utingo wake. Kimekaa huko hadi leo, kimefunikwa turubai.

Dastan akabaki na godoro la sebuleni na dirisha linalotazama bati la jirani.

Mkewe, Devota, alianza kazi ya kupamba kumbi za harusi ili nyumba iende na mtoto wao Gloria asifukuzwe shule kwa ada. Jioni moja alikaa chini na bunda la riboni za satini, akijaribu kufunga yale maua yenye mabawa mawili na mikia miwili, ya kuweka kwenye viti na magari ya maharusi. Kila alilofunga lililegea.

"Lete hapa," Dastan akasema.

Miaka yote aliyofunga turubai na kamba za mizigo ilikuwa bado iko vidoleni. Alijua namna ya kukaza kitu bila kukivuta kikaharibika. Akakunja utepe, akabana katikati kwa waya mwembamba, akakata mikia mshazari, akapitisha ncha zake karibu na mwali wa mshumaa ili nyuzi zisifumuke. Devota alilichukua lile ua, akaligeuza huku na huku, akamwangalia mumewe.

"Baba Gloria, umejifunza wapi?"

"Sijajifunza. Ila usimwambie mtu."

"Kuna ubaya gani?"

"Dereva wa semi, leo nafunga maua ya maharusi? Niachie hata hilo jina la udereva, mama."

Devota akamsogezea bunda lote. Tangu hapo Dastan akawa anafunga na yeye anapeleka. Sauti ya "hodi" ikisikika nje, Dastan anasukuma riboni zote chini ya blanketi na kujifanya ametoka usingizini. Siku moja mgeni alikaa mchana kutwa akisimulia habari za Kilolo, na Dastan akawa amelalia waya. Huko chini hakuhisi kitu. Devota aliiona damu pajani wakati wa kumwogesha, akalia, naye Dastan akamwomba apunguze sauti, majirani wasisikie.

Sifa zikamwendea Devota. Kanisani walimsimamisha kumsifu, na kila aliposema asante alijisikia kama aliyevaa nguo ya kuazima. Mwisho akaja Faustina, mwenyekiti wa jumuiya yao. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi wa kumi na mbili.

"Jumamosi tunakuja akina mama wote utufundishe," alisema. "Tufunge wenyewe, ukumbi mzima."

Devota akakubali.

Jumamosi Dastan alihamishiwa chumbani, pazia likashushwa mlangoni. Aliwasikia wanawake wakiingia, wakipumua kwa nguvu baada ya mlima, wakicheka, wakivuta vigoda. Kisha akasikia mkasi. Kisha waya ukifunguliwa na kuzungushwa upya, akajua ua limegoma.

"Dada Devota, leo vipi?" Faustina aliuliza. "Mbona linafumuka?"

"Ngoja, nalirudia."

Likafumuka tena. Mwanamke mwingine akasema, "Kama hutaki kutufundisha ungesema tu. Tumepanda mlima wote huu."

"Sio hivyo, jamani," Devota akasema.

Dastan alilala macho yakiwa darini. Angeweza kunyamaza. Wangeondoka wamekasirika, na yeye angebaki na siri yake. Lakini alimsikia mkewe akivuta makamasi mbele za watu.

"Mama Gloria," akaita kupitia pazia, "umebana mbele mno. Rudisha kidole katikati, ndipo uzungushe waya."

Sebuleni vigoda vikageuzwa kuelekea pazia.

"Ni Baba Gloria," Devota akasema. "Yeye ndiye anayefunga. Yote. Mimi napeleka tu."

Faustina alivuta pazia bila kupiga hodi. Alimkuta Dastan ameshika blanketi kwa mikono miwili, shati limekosewa vifungo.

"Kamwene, Baba Gloria," akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene."

"Basi tufundishe wewe."

Wakabeba vigoda vyao wakajaa mle chumbani. Aliwafundisha hadi jioni bila kuinua macho.

Habari ikateremka kilimani haraka kuliko maji. Yotamu alipanda akicheka kuanzia mlangoni. "Bosi, nasikia siku hizi unapamba maharusi!"

"Napamba. Umefuata nini?"

Yotamu alipoona anacheka peke yake, akaacha. Akakaa. Kisha akasema, "Siku ya harusi tutakubeba. Ukauone ukumbi."

Dastan alikataa, kisha akakubali. Siku yenyewe alinyolewa ndevu, akavalishwa suti aliyofungia ndoa. Devota alikuwa ameshatangulia ukumbini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Wanaume wanne walimkalisha kwenye kiti cha mbao, wakaanza kushuka. Katikati ya majabali Yotamu akateleza, kiti kikainama, na Dastan akagonga bega kwenye jiwe. Wakamshikilia hapo hapo, mvua ikimpiga usoni. Kule chini aliiona barabara, na kiti chake cha magurudumu kimefunuliwa, kinamsubiri.

"Nirudisheni. Sitaki kupinduka mara ya pili."

"Bosi, bado kidogo tu."

"Nimesema nirudisheni!"

Wakamrudisha. Alikaa na suti iliyolowa, akisikiliza matarumbeta yakipita barabarani na msafara wa maharusi.

Kesho yake Faustina alimletea pilau na picha kwenye simu. Dastan alizipitisha moja moja kwa kidole. Kwenye picha ya mlango wa ukumbi kidole kikasimama.

"Hili limelala upande."

"Hakuna aliyeliona."

"Mimi nimeliona," akasema. "Ningekuwepo ningelinyoosha."

Baada ya mwaka mpya Yotamu alileta wapasua mawe waangalie yale majabali. Waligonga, wakazunguka, wakatikisa vichwa. Jabali la kulia lilikuwa limeungana na mlima wenyewe, na la kushoto ndilo lililoshikilia nyumba ya jirani. Likipasuliwa, nyumba inashuka nalo. Kuhamia bondeni walikujadili pia, ila nyumba isiyofikika haikupata mnunuzi.

Kila Jumamosi akina mama bado wanakuja, naye huwafundisha, siku hizi akiwatazama usoni na hata kuwatania. Jua likianza kuzama huwakusanyia mikasi yao. Devota huwasindikiza hadi barabarani, na Dastan husubiri arudi.