Ayeyo na Gari la Viti Viwili

Mwenye gari aje anitoe hapa harusini, jua la Garissa halijui suti.

Abti, mjomba wangu, anauziwa magari mawili, achague moja.
Moja laini kama godoro.
Lingine la mbio, liko chini kama sinia, viti vigumu kama benchi la shule.

Nikamwambia, "Chukua la mbio, hata ngamia watageuka."
Abti akasema, "Haya, lijaribu, mpeleke ayeyo wako harusini nalo."

Ayeyo, nyanya yangu, kuingia aliingia. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi.
Kina mama wakamvuta huku wakipiga vigelegele. Nikajua gari la mbio limenipita, Abti hatalinunua.

Ayeyo akarekebisha shash yake ya kichwani, akamwambia Abti aliyetangulia harusini, "Nunua hili. Kwa lile laini nani angenipokea hivi?"

Wallahi nikacheka, mpaka Abti akachukua ufunguo amrudishe mamake nyumbani.

Viti ni viwili tu.

Mnaocheka, nani ana hata boda?