Tofi Laini ya Cucu

Wiki jana maziwa yenye sukari yaliniungulia jikoni hapa Kutus, na kabla sijafika kuzima gesi nilikuwa nimesharudi Othaya, nina miaka minane, nimesimama kando ya meza ya mama sokoni.

Mama aliuza tofi kila Jumamosi. Alizipika Ijumaa jioni kwa maziwa tuliyonunua kwa jirani, sukari na siagi kidogo, akikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akazimwaga kwenye sinia na kuzikata vipande kabla hazijawa ngumu. Nyumba ilinukia vizuri hata mbwa wa jirani akawa anakuja kuketi mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Kazi yangu ilikuwa kulamba mwiko, na niliifanya kwa bidii sana.

Upande wa pili wa soko, karibu na lango, aliketi Cucu, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, akiuza magimbi, ambayo sisi tunayaita nduma. Yeye na mama hawakuwa wakisemezana. Cucu aliwahi kusema mbele ya wageni waliojaa nyumba kwamba mke wa mwanawe hajui kupika. Neno hilo lilimchoma mama, na haukupita mwezi kabla hatujahama boma la Cucu na kupanga nyumba karibu na mji. Nilimpenda Cucu, nilimpenda mama, na kila Jumamosi nilitamani meza zao zisogezwe zikae pamoja.

Lakini kila Jumamosi, kabla hajamuuzia mtu yeyote, mama alinipa kipande kimoja alichokifunga peke yake kwenye karatasi. Kilikuwa laini, kimebonyea.

"Hii haijashika," alisema bila kuniangalia. "Hakuna mtu atanunua. Pelekea tu cucu yako."

Cucu alikuwa amebaki na meno machache, yote upande mmoja. Alikipokea amenuna. "Ananitumia zenye zimemharibikia," alisema, huku akimumunya polepole, macho ameyafumba. Kisha alinichagulia nduma moja kubwa nimpelekee mama, ati yeye hali vitu vya bure.

Jumamosi moja, nikiwa njiani katikati ya viazi na mikungu ya ndizi, nilionja ukingo wa ile tofi laini. Nikaonja tena. Nawaambieni ukweli, ile iliyoharibika ilikuwa tamu kuliko zote. Ilipoisha nilirudi kinyemela, nikachukua moja ya zile nzuri, ngumu, zinazong'aa, nikamfungia Cucu vizuri. Niliona hata nimemfaidisha.

Cucu aliiuma, akaitoa mdomoni, akaiangalia muda mrefu. Sikuwa nimewahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile. Akainuka, akakaza leso yake kiunoni, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja hadi kwa mama. Wanawake kadhaa walikuwa wameizunguka meza wakichagua.

"Leo umeona unitumie mawe?" Cucu akasema. "Na unajua vile mdomo yangu iko." Sauti yake ilitetemeka, nikajua haikuwa hasira. Alikuwa ameumia.

Mama aliitazama ile tofi, kisha akanitazama mimi na siagi iliyokuwa ikimetameta kidevuni mwangu. Angeweza kusema ni mtoto tu aliyeibadilisha, mambo yakaishia hapo.

"Mimi nilikutengenezea laini, mama," alisema. "Kila Friday natoa yako kwa moto kwanza, ndio zingine ziendelee. Haijawahi kuharibika ata siku moja."

Cucu alivuta kreti la soda, akaligeuza, akaketi kando ya mama. Akawaambia wale wanawake kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza kabeji, "Nunueni. Huyu msichana wangu anajua kupika."

Mama aliinama kana kwamba anatafuta kitu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu. Mimi nilifuta kidevu.

Sikuchapwa. Lakini kuanzia Jumamosi iliyofuata mama hakunituma tena. Aliniacha nikilinda meza, akaibeba tofi ya Cucu mwenyewe, na kila mara alichelewa kurudi. Niliwaona kwa mbali wakiongea, vichwa vimekaribiana, nami nikameza machozi. Nilijua nimenyang'anywa kazi kwa sababu ya wizi wangu, na niliona adhabu ile ni kali kuliko kiboko.

Nilibaki na kinyongo hicho miaka mingi, mpaka nikaolewa huku Kutus, nikakosana na mama mkwe wangu, nikakaa miezi nikimtumia salamu kupitia watoto. Siku niliyokwenda kwake mimi mwenyewe, ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa akiniadhibu. Muda wote ule aliokuwa akinituma, alitamani kulivuka lile soko yeye mwenyewe.