Secilia na Chumba cha Mzazi

Watu wakimtaja binti yangu Secilia huanza na sketi. Wanasema, yule askari wa kike wa kwanza kuonekana huku kwetu milimani, aliyevaa sketi ya kaki na mkanda wa ngozi, watoto wakamfuata sokoni kama wanaofuata ngoma ya beni. Kisha wanacheka, na habari imeisha. Alifanya nini, hawasemi. Mimi ni mama yake. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini nilikuwepo na macho ninayo, kwa hiyo nitasema.

Baba yake, Abrahamu, alikufa kabla ya Uhuru. Nilimlea Secilia kwa viazi na maharage niliyouza kwenye soko la Soni, na hofu yangu yote niliiweka kwake kwa sababu sikuwa na mwingine. Alikuwa mtoto asiyejua kunyamaza. Shuleni dirisha lilivunjika, mwalimu akachapa darasa zima ili aliyevunja ajitokeze. Ilipofika zamu yake Secilia akasema, "Aliyevunja ni wewe, mwalimu, ulipopiga ule mpira." Alichapwa mara mbili ya wenzake. Alirudi nyumbani ameshindwa kukaa, akala ugali amesimama, na hakuona kosa lake. Mimi pia sikuliona, lakini nilimwambia ajifunze kufunga mdomo, kwa kuwa niliogopa.

Alipomaliza shule walikuja watu wa serikali kutafuta wasichana wa kuingia polisi. Mchungaji alitaka awe muuguzi. Shemeji yangu Tobia alisema, "Mwanamke mwenye pingu ataolewa na nani? Mume akichelewa kurudi si atamweka ndani?" Watu wakacheka sana. Secilia akaenda Moshi kwenye mafunzo, na mimi muda wote ule nikawa nasikiliza kila basi linalopanda kutoka Mombo, nikidhani limeniletea habari mbaya.

Alirudi amenyooka kama mti wa msindano, akapangiwa kazi huku huku milimani. Nilimshukuru Mungu. Kumbe aliyemsubiri kituoni alikuwa Sajini Kornelio.

Sajini huyu alimkabidhi birika siku ya kwanza. Secilia akadhani anatambulishwa jiko liko wapi.

"Afande, mimi ni askari," alisema alipoona siku zinapita.

"Nani amekataa? Wewe ni askari wa birika," Sajini akajibu, na wenzake wakagonga meza kwa kicheko.

Akachemsha chai. Akafagia. Akashika watoto wa wanawake waliokuja kushtaki waume zao, na hao wanawake wakaandikwa maelezo na wanaume, wakaona haya, wakasema nusu ya mambo na kurudi nyumbani na nusu nyingine. Kazi pekee ya kipolisi aliyopewa ilikuwa kulinda mahabusu wa kike. Serikali ilimfundisha binti yangu kulenga bunduki, Sajini akamfanya yaya.

Ndipo ukaja mwaka wa njaa. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, mashamba yameachwa mbali. Mvua ikakataa. Tulikula makopa ya muhogo mpaka yakaisha. Serikali ikaleta mahindi ya njano ya msaada, yale tuliyoyaita yanga, yakawekwa kwenye ghala la kijiji. Ufunguo alipewa Raheli, mjane mwenye watoto wadogo, kwa sababu kijiji kizima kilikubali kwamba Raheli hawezi kuchukua hata punje. Ufunguo wa pili ulikaa kwa katibu wa kijiji, Severin.

Asubuhi moja Raheli alifungua ghala kugawa, akakuta magunia mengi hayapo. Kufuli halikuvunjwa. Alipiga kelele mwenyewe, akawaita watu mwenyewe. Sajini Kornelio alipofika akauliza, "Ufunguo anao nani?" Watu wakasema Raheli. Ufunguo wa katibu hakuna aliyeuulizia.

Walipekua nyumba zote. Kwangu walimwaga hata mbegu za maharage. Walipofika kwa Severin, mke wake Jenoveva alikuwa amejifungua, yuko ndani uzazini. Kwetu mwanamume haingii chumba cha mzazi. Hata mume hulala kwingine. Wanawake ndio wanaoingia na kutoka, na uji, na kuni, na maji ya moto, mpaka siku mama anapotolewa nje na kupeleka mtoto kanisani. Sajini alisimama kwenye pazia, akavua kofia.

"Humo yuko mzazi," Severin akasema.

"Samahani sana, mama. Hongera," Sajini akasema kwa lile pazia, akaenda zake.

Raheli wakamchukua. Magunia hayakuonekana kwake, wala unga, wala hata kumvi. Wakasema ameshauza kwenye soko la Magoma. Watoto wake wakagawanywa kwa majirani, mdogo akaja kwangu. Na kijiji kile kile kilichompa ufunguo kikaanza kukumbuka kwamba sikuzote alikuwa na macho ya wizi. Nilisikia kwa masikio yangu, kisimani, kutoka kwa watu waliowahi kula kwake.

Kituoni aliyemlinda alikuwa Secilia. Raheli hakulia mbele yake. Alimwambia jambo moja tu: "Mwanangu, wakinipeleka Tanga, hawa watoto watakua wakiitwa watoto wa mwizi. Mimi nitarudi, lakini hilo jina halirudi." Gari la kumpeleka liliahirishwa mara kwa mara kwa kukosa petroli, miezi ikapita, mwishowe likapangwa kupanda Jumatatu.

Jumapili Secilia alipewa ruhusa akaja nyumbani. Nilimpakulia chakula kidogo kilichokuwepo, na katika kuzungumza nikamweleza jambo lililokuwa linanisumbua. Jenoveva alikuwa hajatolewa nje. Wanawake waliokwenda kumwona walikuwa wanakomea sebuleni, mtoto analetwa pale wamwone, kisha anarudishwa. Ati mzazi ana homa.

"Na leo pia hakuja kanisani," nikasema. "Na lile toto limeshakuwa kubwa. Nimelichezea, linacheka kwa sauti."

Secilia akaweka kijiko chini. "Mama, mtoto anacheka?"

"Anacheka sana."

"Mtoto anayecheka, mama yake bado yuko uzazini?"

Tukatazamana. Sikuhitaji kuelezwa. Mwanamke yeyote aliyezaa anajua kwamba mtoto akifika kucheka, mama yake ameshakwenda kisimani, ameshalima, ameshagombana na wifi yake. Severin alihesabu kwamba pazia la mzazi halifunuliwi na polisi. Hakujua kwamba uzazi una mwisho wake, kwa sababu hilo si jambo ambalo wanaume hulifuatilia. Aliacha magunia yakae, na mke akae nayo.

Secilia akavaa kofia yake akakimbia kituoni. Alinisimulia baadaye. Sajini alikuwa anakunywa chai aliyochemsha mwenyewe, na inaelekea ilikuwa mbaya.

"Unataka niingie kwa mzazi?" akauliza. "Wazee watanitenga. Na nikikosea, Severin ana watu wilayani."

"Sikusema uingie wewe, afande. Nitaingia mimi."

"Askari wa kike hapekui."

"Kwa nini, afande?"

"Kwa sababu sijamtuma. Ukitaka, nenda kamjulie hali kama wanawake wenzako. Mpelekee uji."

Akacheka. Secilia akapiga saluti, akasema, "Ndiyo, afande," akaondoka.

Alirudi kwangu akihema. "Mama, nimetumwa kupeleka uji. Pika."

Unga wa kupikia uji ulikuwa wa kukung'uta gunia. Nilipika. Tulimpitia Mwanaisha, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuja milimani kwa kazi za shamba la chai na haogopi mtu. Tukaenda watatu, mimi na chungu kichwani, nikiwaza: tukikosea, mwanangu hana kazi, Raheli hana mtetezi, na mimi sina pa kupita.

Severin alikuwa mlangoni. "Shikamoo, mama Secilia."

"Marahaba. Tumemletea mzazi uji."

"Ahsanteni. Amelala, nitampa mimi."

Mwanaisha akaangua kicheko. "Wewe utampa? Utaingia uzazini, mgosi, mwanamume mzima? Tangu lini? Au umeanza kunyonyesha?"

Majirani walishaanza kutoka. Severin akijibu kwamba huwa anaingia, amejiaibisha. Akijibu kwamba haingii, inabidi atupishe. Alipoona Secilia anakuja nyuma yetu akainua mkono.

"Huyu haingii. Huyu ni polisi."

"Kwa nini mimi nisiingie, mzee?" Secilia akasema taratibu. "Mimi si mwanamke?"

Akapita chini ya mkono wake, akafunua pazia.

Jenoveva alikuwa amekaa juu. Ndicho nilichoona kwanza, jinsi alivyokaa juu sana, kichwa karibu na dari, juu ya magunia yaliyotandikwa majani ya migomba na blanketi. Mengine yalipangwa ukutani na kufunikwa kanga. Chumba kilinuka panya. Mtoto akaona vifungo vya Secilia vinang'aa, akacheka kwa sauti.

Mama yake ndiye aliyelia. "Dada, yatoe haya," akasema. "Mgongo wangu umekufa. Ananiambia kila wiki yatahamishwa, kila wiki yatahamishwa. Nikasema nitapiga kelele, akasema nikipiga atanirudisha kwetu Mnazi bila mtoto. Raheli amefungwa, lakini anapewa hata jua la asubuhi. Mimi je?"

Nilimpa uji, akaunywa wote.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Secilia alimkamata Severin, akamfikisha kituoni kwa miguu. Raheli hakufunguliwa jioni ile. Sajini alisema kwanza yeye mwenyewe aje ayaone magunia. Yalipotolewa nje na wanawake, akayapiga mateke kwa buti kama vile yanaweza kukimbia, kisha akawaambia wakubwa wake kwamba amefanya uchunguzi wa siri kwa muda mrefu. Uchunguzi! Mtu aliyeliomba pazia msamaha! Gari la Jumatatu likaondoka bila Raheli, hilo nashukuru. Lakini wazee wa kijiji walikuja kwangu, si kwa Severin, kudai mbuzi wa kusafisha chumba kilichoingiwa na viatu vya polisi. Nikawauliza, na magunia je, hayakukichafua? Wakasema hilo ni jambo jingine.

Ukaitishwa mkutano mbele ya ghala. Mwenyekiti akamsifu Sajini Kornelio, watu wakapiga makofi. Secilia alisimama nyuma, karibu na matufali, hajatajwa. Nilimwangalia usoni, nikaona yule mtoto aliyekula amesimama. Safari hii alinyamaza, na mimi niliyemfundisha kunyamaza nilitamani apige kelele.

Raheli akaitwa mbele arudishiwe ufunguo. Alikuwa amekonda. Sajini akamnyooshea kwa tabasamu, ili watu waone. Raheli hakuinua mkono.

"Chukua, mama," Sajini akasema.

"Shikamoo, Sajini," Raheli akasema. "Wewe ndiye uliyenifunga. Sikatai, ni kazi yako. Ufunguo nitaupokea kwa aliyenifungua."

"Ni serikali iliyokufungua," mwenyekiti akaingilia. "Mama Raheli, usitucheleweshe."

"Basi serikali hiyo imesimama pale nyuma, imevaa sketi."

Hakuna aliyecheka. Mwanaisha alianza kupiga vigelegele, kisha Jenoveva, aliyekuwa ametolewa nje siku ile ile, mtoto mgongoni, kisha wanawake wote, hata wale wa kisimani waliokuwa wamemsema Raheli vibaya. Mwenyekiti aliinua mikono, hakusikika. Mwishowe Sajini akalazimika kupita katikati ya watu mpaka nyuma, akamkabidhi Secilia ufunguo bila kumtazama. Secilia akampigia saluti. Akatembea mpaka mbele, akauweka kwenye kiganja cha Raheli, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama," akasema. "Gawa mahindi. Watu wana njaa."

Raheli akafungua ghala, na wa kwanza kuitwa kwenye mstari akamwita Jenoveva.

Sajini alipandishwa cheo kwa uchunguzi ule, akahamishiwa mjini. Aliyekuja badala yake, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza birika liko wapi. Secilia akamwonyesha lilipo, akamwonyesha na kuni, kisha akaenda mezani kuandika maelezo ya mwanamke aliyekuwa anamsubiri.

Wazee nao bado wananidai mbuzi. Ninaye, wanamwona kila siku amefungwa nyuma ya nyumba. Hawampati.