Kamongo Niliyemla Mimi

Nilipokuwa mtoto kule Majanji, kando ya ziwa, mwanamke hakuonja kamongo. Samaki yule mrefu, anayejichimbia topeni, alikuwa chakula cha wanaume. Bibi alituonya kwamba msichana akimla atatokwa na doa usoni na kukosa mume. Nilimwamini kabisa. Nilimla hata hivyo, maana kamongo wa kukaushwa kwa moshi, jamani, acheni tu!

Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nina miaka minane hivi. Nilimega kipande kwenye sahani ya baba nikakila nyuma ya ghala la mtama. Kwa siku nyingi nilijitazama usoni kwenye maji ya mtungi. Hapakuwa na kitu.

Doa likamtokea dada yangu Nafula, shavuni, la mviringo na limepauka. Mama akasema ni choa, akalipaka majani ya kuponda. Sisi watoto tulikuwa na choa tele, na chetu kilipona. Doa la Nafula likazidi kutanuka, na watu wa Kisoko walikuwa wameshaanza kuja kumposa. Bibi akamwita.

"Nafula, sema kweli. Ulikula kamongo?"

"Sijala, kukhu, bibi yangu. Haki ya Mungu, sijala."

"Sasa huo uso unanidanganya?"

Nilikuwa nimeketi palepale nikichambua mboga. Niliogopa fimbo, nikanyamaza.

Mwaka mzima Nafula alikula peke yake na kuogeshwa dawa chungu. Watu wa Kisoko hawakurudi. Mwishowe, maskini, alikiri kosa lisilo lake ili wamwache apumzike. Doa likabaki, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja.

Ndipo baba alipotupeleka sote wawili kwenye zahanati upande wa Tororo. Mganga alikuwa mzee mpole. Akamwuliza Nafula kama doa linawasha.

"Haliwashi. Halijawahi."

Akamwambia afumbe macho, aseme kila akiguswa na pamba. Pamba ikapita kwenye paji la uso. "Hapo." Ikapita kidevuni. "Hapo." Kisha ikapita juu ya doa, mara mbili, tatu. Nafula alingoja tu, macho kayafumba.

"Mbona umeacha?" akauliza.

Mganga akamgeukia baba. "Mzee, choa kinawasha. Hili halisikii kitu. Huu ni ukoma. Dawa ipo, lakini mmechelewa kumleta."

Ugonjwa ulikoma. Vidole havikunyooka, na hakuna aliyekuja kumposa tena. Nimezeeka nikiwaza jambo hilohilo: ningesema siku ile kwamba mimi ndiye niliyemla kamongo, wangetazama uso wangu, wangeuona safi, wangetafuta sababu nyingine. Labda bibi angebisha. Lakini sikuwapa hata nafasi hiyo.

Nilimwambia Nafula sote tukiwa na mvi. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Alikunywa funda moja, akakiweka chini.

"Alikuwa mtamu?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, nikalia.