Siku Nilipotwanga Muthokoi Mbele ya Mchungaji

Du! Du! Mchi ulisikika kabla mimi na mchungaji hatujaiona nyumba yangu hapa Tawa. Alikuwa amekuja kuniomba niwafundishe wanaume kuwasaidia wake zao, kwa sababu nilishuhudia kanisani kwamba mimi ndiye hutwanga mahindi ya muthokoi, yale yanayotolewa maganda kabla ya kupikwa, nyumbani.

“Na huyo anayetwanga?” aliuliza.

“Mke wangu. Ananisaidia.”

Jikoni nilimpokonya Mwende mchi, nikajaza kinu mahindi makavu, nikatwanga kama niliyezaliwa na mchi mkononi. Punje ziliruka hadi kwenye viatu vya mchungaji.

“Baba Mutua,” Mwende alisema polepole, “maganda hayatoki kama hujalowesha mahindi kwanza.”

Mchungaji akajipangusa. “Mama Mutua, Jumamosi njoo ufundishe wewe. Huyu mlete akae mbele.”

Akatoka, akaufunga mlango taratibu.