Maji ya Moto Bila Moshi

Shangazi aliponifunda kule Kiloleli alinipa onyo moja kubwa. Siku utakayoamka ukakuta mama mkwe ameshachemsha maji ya kuoga baba mkwe, alisema, funga nguo zako, maana huyo hana haja na wewe tena. Mengine yote niliyasahau njiani. Hilo nilifika nalo Dutwa, nilikoolewa.

Siku za mwanzo niliwasha moto alfajiri kwa mabua ya pamba na samadi kavu, kwa kuwa kuni zilipatikana mbali. Moshi wake, jamani! Nilikohoa, machozi yakanitiririka, lakini maji yalichemka na baba mkwe akaoga. Nikajiona mke kamili.

Halafu asubuhi moja nikakuta ndoo ya maji mlangoni pa jiko. Nikagusa. Ya moto! Nikainamia mafiga: majivu ya baridi, hata cheche hakuna. Mama mkwe alikuwa anafagia uwanja.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama, nimepiga magoti.

"Mwangaluka. Maji yapo, mpelekee baba aoge."

Akaendelea kufagia. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Nikaanza kudamka mapema zaidi, majogoo bado kimya, na bado maji yakanitangulia. Nani aliyachemsha, na kwa moto upi? Kwa majirani nako sikuona moshi. Nikawaza mambo ambayo hata leo naona haya kuyaandika. Kuuliza niliogopa, maana ningejibiwa nini? Nilichanganyikiwa kabisa, kwa sababu mwanamke huyohuyo aliyeninyang'anya kazi ndiye aliyenimegea kipande kikubwa cha samaki kila jioni. Mume wangu nilipomdokeza alicheka, akasema maji ya moto ni maji ya moto. Wanaume! Nikafunga nguo zangu ndani ya kanga yangu nyekundu, nikalisukuma furushi chini ya kitanda, nikasubiri kurudishwa kwetu.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, wakati zamani pamba tuliiuza kwa ushirika tu. Watu nao wakajifunza ujanja upesi: kuimwagia pamba maji ili izidi uzito. Mnunuzi wetu alifika asubuhi na mapema, kuwawahi wenzake. Magunia yakatolewa chumbani kwa baba mkwe, chumba ambacho mimi, kwa heshima ya ukwe, sikuruhusiwa hata kukichungulia. Mnunuzi akapenyeza mkono katika gunia la mwisho, akauchomoa haraka.

"Mzee, hii mmeimwagia maji!"

Baba mkwe alifoka. Akaapa kwa marehemu baba yake kwamba hajawahi kumwibia mtu. Majirani wakaanza kusogea.

"Tena ina joto," mnunuzi akasema, sasa naye amechanganyikiwa. "Maji gani haya ya moto?"

Mama mkwe akaenda jikoni, akarudi na ile ndoo yenye mfuniko. Akaishusha ndani ya gunia, ikazama katika shimo lake kama yai kiotani.

"Ni mvuke huo," akasema. "Makaa ya ugali wa jioni yanapotea bure. Mkwe akishaenda kwake kulala, na mzee akishasinzia, nabandika ndoo, naifunika, naizika humu. Asubuhi bado ya moto."

"Kwa nini ufiche?" baba mkwe akauliza.

"Ungekubali niweke ndoo kwenye pamba yako? Huyu mtoto moshi wa alfajiri unamliza. Mimi nimelia kwenye jiko hilohilo, na hakuna aliyeniona."

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mnunuzi alicheka mpaka akaegemea lori, akapima magunia mengine. Lile la ndoo baba mkwe hakutaka lipimwe. Alilibeba mwenyewe akalirudisha ndani.

Jioni mama mkwe aliniita jikoni, akanionyesha jinsi ya kufunika ndoo isitoe mvuke. Nilimshukuru. Akaendelea kukusanya makaa bila kunitazama.

"Ile kanga yako nyekundu siioni siku hizi," akasema. "Kafungue hilo furushi, mayu. Kesho uivae."