Redio Iliyolia Kaburini kwa Yona

Naomba kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea, maana mimi niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea kuchomea waya kuliko kushika kalamu, naandika polepole, nafuta, naanza tena. Aibu ninayoisimulia haijapoa. Hadi leo nikipita sokoni Lukozi kuna vijana wananipigia mluzi, na wanajua kwa nini.

Mimi ni fundi redio, na wanaonijua wanajua kwamba sisemi mbele za watu (mtu akileta redio naongea na redio). Jirani yetu Yona alipofariki, mama yake, Bibi Tabitha, aliniita. Bibi huyu anakaa juu mlimani, na kaburi lilichimbwa chini kwenye migomba, mteremko mkali, na miguu yake haimpeleki tena huko. Masikio yake pia yamechoka, hasikii mpaka usemee karibu na sikio, na tangu augue koo sauti yake ni ya kunong'ona tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia una kitu kinachokuza sauti."

"Ninacho."

"Nina neno la kumwambia Elia mbele za watu wote. Nitalisema nikiwa hapa mlangoni, wewe nifikishie kule chini."

Elia ni mwanawe mkubwa, anafanya kazi kwenye chai kule Bulwa. Yeye na marehemu walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba la maharage, na watu walishaanza kusema kwamba Yona akishazikwa tu, Elia atamfukuza mjane. Bibi akaniambia, "Nataka amshike mkono mke wa Yona, watupe udongo pamoja. Akifanya hivyo watu wakiona, hakuna atakayemgusa huyu mama. Asipofanya, nitajua nimezaa nini."

Nikaenda kutengeneza. Nilitumia opampu, ile aisii ndogo ya miguu minane ambayo unaipa sauti ndogo nayo inaitoa kubwa, ila ina hasira, ukiiacha hivi hivi inakuza kupita kiasi, kwa hiyo unachukua sehemu ya kile inachotoa unairudishia kwa rezista, kile kipingamizi kidogo cha umeme, kwenye mguu wake wa kuingizia wenye alama ya kutoa, ndipo inatulia. Sauti ya bibi ilikuwa ndogo mno, basi nikaweka rezista kubwa ili ikuze sana, na kitufe cha kuongezea. Nyumbani nilijaribu na maiki karibu, nikanong'ona, spika ikasema vizuri kabisa, nikalala na furaha (furaha ya mjinga).

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Kisanduku nilichofungia ile opampu kinatakiwa kikae karibu na maiki, ili sauti ikuzwe kwanza ndipo isafiri kwenye waya. Hilo nalijua hata usingizini. Lakini asubuhi ya mazishi nilipofika mlangoni kwa bibi nikakuta wanawake wamejaa kwenye mikeka, wanalia, na wote wakaniangalia, na mimi kukaa katikati yao sikuweza, nikamwachia bibi maiki mkononi, nikateremka na kisanduku mpaka chini, nikakificha nyuma ya mgomba pembeni ya spika, na katikati nikavuta waya mrefu wa kawaida, usio na kinga yoyote ya kuzuia mawimbi ya redio.

Hoza, rafiki yangu wa bodaboda aliyenisaidia kuutandaza, akauliza, "Fundi, mbona mwenye sauti yuko kule na mashine iko huku?"

"Haina shida," nikasema.

Jeneza likashuka. Mchungaji akainua mkono, "Tunyamaze, tumsikie mama." Watu wakanyamaza mpaka ukasikia majani ya migomba. Kule juu nikamwona bibi amekaa kwenye kiti, maiki mdomoni, midomo inacheza, na kwenye spika hakuna kitu. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, na waya ule mrefu ukawa antena, na opampu yangu ikakuza ilichopewa, maana haichagui: mwanaume anacheka, anatangaza sabuni, halafu muziki wa kucheza, juu ya jeneza, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Zima hiyo kitu, wewe mtoto!"

"Fundi, tumekuja kuzika au kucheza?"

Mtu mmoja akacheka, mjane akajifunika uso kwa kanga, na mimi kwa haraka ya kuzima nikagusa nyaya vibaya, muziki ukakatika, ukaja mluzi mkali, watu wakaziba masikio, mpaka Hoza akang'oa betri. Nilipotazama juu, bibi alikuwa ameshateremsha maiki. Alikuwa amemaliza. Alikuwa anamwangalia Elia, anangoja.

Elia alikuwa ananiangalia mimi kwa hasira. Mvua ikaanza, mchungaji akaharakisha. Elia akatupa udongo peke yake, mjane akatupa wake peke yake.

Elia alipopanda kumuaga, bibi akageukia ukutani. "Mama, hata kuniangalia hutaki?" Akavaa koti, akaondoka bila kula. Mimi nilikuwa pale pale nakunja waya, neno moja tu lingetosha, na mdomo wangu haukufunguka.

Kesho yake nikajikaza, nikaenda kwa bibi, nikamwelezea yote karibu na sikio lake. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Elia amekutuma?"

"Hapana, bibi. Hawakukusikia. Ililia redio."

"Hata hawa wanawake wanasema hivyo hivyo. Mnanifariji. Wote mnakula kwangu, mtaniambia nini kingine? Mtu asiyenipenda ndiye atakayeniambia kweli."

Elia naye nilimpigia simu. Alisema kama mama yake anamwita, amwite mwenyewe. Bibi anasema alishamwita mbele za watu wote, na hamwiti tena. Na mjane ameshaanza kufunga vyombo vyake, shamba halilimi, anasema alime nini asichojua kama atakivuna.

Mimi nimeapa sitakiweka tena kisanduku mbali na maiki, hata kama nitakaa katikati ya wanawake mia. Lakini kiapo changu hakimsaidii mtu. Siku ile walikuja wageni wengi nisiowajua, kutoka Rangwi, kutoka Bulwa, wengine walipita tu njiani. Kama ulikuwepo, na hujawahi kula kwa Bibi Tabitha, nakuomba uniandikie ulichosikia, uandike na lile tangazo la sabuni, uandike na jinsi ulivyonitukana kama ulinitukana. Nitampelekea kama ilivyo, na atasomewa na mtu mwingine, siyo mimi.